Wadudu Waliohama Mtoni

Kwenye tuktuk ya kwenda Kisian, Jacinta, muuza uji, alimkata jicho kijana aliyeketi kando yake. Chupa ya maji ya mto aliyopakata kijana ilijaa viminyoo vyekundu.

"Umetia nini kwa mto yetu?"

"Sijatia, mama. Nimetoa. Maji ikichafuka, wadudu wengine wanahama. Hawa ndio wanabaki."

"Wamehama lini?"

"Kama mwaka sasa."

"Na nani amekutuma?"

"Chuo."

Jacinta akaguna. Watu wa chuo huondoka na chupa, na majibu hayarudi. Akafungua thamosi, akamimina kikombe.

"Hii uji nimepika na hiyo maji. Kunywa, nipate jibu leo."

Kijana akakipokea, akakitazama.

"Tumefika, mama," dereva akasema.

Jacinta hakushuka. Alikuwa akingoja kijana ameze.