Mama Chapa na Mtihani Uliokuja na Majibu

Tarehe 30 ya mwezi huu, saa tisa alasiri, mpiga chapa wetu atafunga chumba cha chapa na kukabidhi ufunguo alioutunza kwa miaka thelathini na minne. Kwenye orodha ya wafanyakazi ana jina kamili na namba ya ajira. Hapa shuleni hakuna anayevitumia. Wanafunzi, walimu na hata wazazi wanaokuja kuulizia ripoti humwita Mama Chapa, naye huitika.

Aliajiriwa akiwa na miaka ishirini na sita. Chumba chake kina dirisha moja, meza mbili, kabati la chuma lenye kufuli, na rimu za karatasi zilizopangwa hadi usawa wa bega. Mumewe, ambaye ni fundi cherehani, husema amemshonea blauzi nyeupe tatu tu maisha yao yote, kisha akasalimu amri na kuhamia vitambaa vya buluu. Wino hauna adabu.

Wengi wetu tulidhani kazi yake ni kunakili tulichoandika. Yeye hakuwahi kuiona hivyo. Mwaka wake wa tatu alijiuliza kwa nini swali la saba la jiografia linakoswa na darasa zima kila muhula. Akaomba karatasi zilizosahihishwa, akazikagua, akaona kwamba ramani ilikuwa upande mmoja wa karatasi na swali upande wa pili, na watoto walikuwa wakipindua huku na huku mpaka muda unakwisha. Tangu siku hiyo hakuna swali linalotenganishwa na mchoro wake katika shule hii. Kwa wanafunzi wenye macho dhaifu alianza kuchapa nakala za herufi kubwa bila kuagizwa na mtu, akaandika namba ya kiti juu ya kila nakala ili pasiwe na mtoto wa kunyoosha mkono na kujieleza mbele ya wenzake.

Ukali nao alikuwa nao. Mwalimu aliyechelewesha maswali alipokewa kwa kuonyeshwa kalenda. Na yeyote aliyegusa mashine ya kudurufu, hata mkuu wa shule, alitakiwa kujaza daftari: amedurufu nini, nakala ngapi, saa ngapi, kisha sahihi. Tulimtania kwamba hata mbu akitua juu ya mashine ile atatia sahihi kwanza.

Jambo lililoipa shule hii jina lilitokea miaka kumi na tisa iliyopita. Asubuhi ya mtihani wa hisabati wa kidato cha pili, wanafunzi mia moja na ishirini walifunua karatasi zao wakakuta majibu kumi na hakuna swali hata moja. Kilichokuwa kimedurufiwa ni mwongozo wa kusahihishia. Baadhi walicheka, wengine wakahisi ni mtego na kuweka kalamu chini. Umeme ulikuwa umekatika tangu alfajiri, mashine haifanyi kazi, na ukumbi hauna ubao. Mkuu wa wakati huo alikuwa anakaribia kuwatawanya. Mama Chapa, aliyekuwa amesimama mlangoni, akamwomba awape nafasi: majibu wanayo, basi watunge maswali.

Mkuu alikubali kwa shingo upande. Walimu walipokaa kusahihisha, walishangaa. Msichana mmoja wa safu ya nyuma, ambaye alama zake zilikuwa za kuombea dua, alitunga maswali matano tofauti yenye jibu la 36, mojawapo likiwa la kukata vitambaa vya mapazia ya nyumba nzima. Wawili kati ya vinara wa darasa walikwama kabisa, kwani walikuwa wamekariri njia bila kujua zinakotoka. Kwa mara ya kwanza tulijua nani anaelewa nini. Tangu hapo kila muhula tuna mtihani mmoja wa kinyume, na walimu wa shule nyingine huja kuutazama.

Sifa zilikwenda kwa shule. Mama Chapa alipata barua ya onyo kwa uzembe. Kwa sababu ya barua hiyo, nafasi ya mkuu wa ofisi ilimpita mara mbili, na mara zote mbili yeye ndiye aliyemwelekeza kazi mtu aliyeipata.

Hapa inanibidi niache kuandika kama mtu aliyekuwa pembeni. Siku moja kabla ya mtihani ule, Mama Chapa alimpeleka mumewe hospitali. Kanuni ilimkataza kumpa mtu ufunguo, lakini mwalimu mgeni wa hisabati alimsihi amwachie, atadurufu mwenyewe. Mwalimu huyo ni mimi. Nilikuwa katika kipindi cha majaribio. Stensili mbili za kudurufia, moja ya maswali na moja ya mwongozo, zilikuwa mezani, nikafanya haraka, nikafunga bahasha. Mkuu alipouliza, Mama Chapa alisema amedurufu yeye. Nami nikanyamaza. Kwa miaka yote hii nimejifariji kwamba huenda aliamini ni yeye aliyekosea kuziandikia majina zile stensili.

Wiki mbili zilizopita nilimsaidia kupanga vitu vyake. Chini ya droo ya mwisho palikuwa na ukurasa uliochanwa kutoka kwenye daftari la mashine. Mwandiko ni wangu: "Mwongozo, nakala 120." Chini yake, sahihi yangu. Stensili ilikuwa imeandikwa jina lake sahihi kabisa. Nililinakili mwenyewe bila kulisoma.

Nilimuuliza kwa nini hakuuonyesha. Alikuwa anafunga kamba kwenye boksi, wala hakuinua kichwa.

"Wewe barua ile ingekufukuzisha kazi, mwanangu," alisema. "Mimi iliniudhi tu."

Ninaona aibu, na ninaandika hivyo ili kila mtu asome. Ukurasa ule niliupeleka kwa mkuu wetu wa sasa siku iliyofuata. Tangu Jumatatu faili la Mama Chapa halina barua ya onyo. Barua iliyopo sasa iko kwenye faili langu, na niliiomba mwenyewe.

Mama Chapa, asante kwa kuwasoma watoto wetu kupitia karatasi zao, na asante kwa miaka kumi na tisa ya kazi ambayo mimi nimeifanya kwa hisani yako. Fundi wako ametuambia kwamba blauzi ya nne iko tayari mezani kwake, imebaki vifungo tu. Kastaafu kwa raha, mama yetu, na uvae nyeupe.