Bi. Mwanakheir, Mwalimu wa Wiski Asiyeonja

Tarehe 30 Juni, 2025, Bi. Mwanakheir Himid wa Jang'ombe anastaafu baada ya miaka thelathini na moja ya kufundisha huduma ya vinywaji katika chuo chetu cha hoteli hapa Mji Mkongwe. Miaka yote hiyo amefundisha wiski za dunia nzima, na hajapata kuonja hata tone. Dini yake anaijua. Kazi yake ilikuwa kuhakikisha kijana anayetafuta riziki hotelini anakijua anachommiminia mgeni.

Somo lake lilianza na uji. Siku ya kwanza wanafunzi walidhani wamekosea darasa, maana walimkuta mwalimu ameshika mwiko, mbele yake sufuria tatu: uji wa mahindi, wa ngano na wa rai, ili pua zao zizijue kwanza nafaka zinazotengenezewa wiski. Rai ni nafaka ya nchi za baridi, jamaa ya ngano, na alikuwa akiletewa na wanafunzi wake wa zamani wanaofanya kazi melini. Mimi nafundisha usafi wa vyumba mlango wa pili, na sukari yangu ya chai iliishia mara nyingi katika sufuria hizo.

Chupa zilifunguliwa baada ya uji. Wiski ambayo Waskoti huiita ya nafaka, yaani ya mahindi au ngano, ni nyepesi, na nyingi huchanganywa na ile ya shayiri. Ya Wajapani aghalabu ni ya mahindi, laini na tamu. Ya rai ya Wamarekani, ambayo kwa sheria yao rai lazima ipite nusu, inanukia pilipili manga na iliki. Wakanada aliwaweka mwisho kwa tahadhari, kwani wao huita wiski yao rai hata pale mahindi yanapotawala. Mwanafunzi akikimbilia kujibu, alimzuia: "Nshakwambieni, pua haina haraka."

Mwaka 2006 alikuja mtahini kutoka nje. Aliposikia kwamba mwalimu haonji, alikataa kusaini vyeti vya wanafunzi kumi na wanne, ambao baadhi yao kazi zilikuwa zikiwasubiri. Tuliogopa sana. Bi. Mwanakheir hakugomba, aliomba glasi sita zisizo na majina. Alinusa, akaandika. Tano alizipata sawasawa. Ya sita aliandika: "Mahindi. Ya Uskoti au ya Japani, sijui." Ilikuwa ya Japani. Mtahini alicheka, akakiri kwamba hizo mbili humchanganya hata yeye anayekunywa, akaomba kalamu. Sisi tuliokuwa tukichungulia dirishani tulipiga vigelegele, tukakemewa na mkuu wa chuo.

Mmoja wa wale kumi na wanne ni Bashira Haroub wa Michenzani, aliyefanya kazi katika hoteli kubwa kwa miaka kumi na minane. Mwezi uliopita alisailiwa kushika nafasi ya mwalimu wake, na ameipata. Bashira naye hanywi. Safari hii hakuna aliyeuliza.

Ahsante sana, Bi. Mwanakheir. Tutakukosa, tena sana. Mungu akupe afya na mapumziko yenye heri. Nenda na mwiko wako, sufuria tuachie.