Ng'ombe wa Ukutani

Kwenye Noah ya kwenda Nyanungu, mwalimu mgeni aliyejitambulisha kwa jina la Eunice alimpa shikamoo mzee aliyekaa kati yetu, akamweleza malengo yake: kila somo lipite kwenye projekta. Nilitamani kumuuliza kama umeme nao una malengo.

"Jana watoto walileta picha za ng'ombe wa kwao, tukawahesabu ukutani. Mwanafunzi mmoja, Mokami, akaangua kilio. Eti yule aliyekatwa sikio ni wa kwao, aliibwa masika," mwalimu aliendelea.



"Picha ya boma la nani, mwalimu?" mzee aliuliza taratibu.

"La mzee Sospeter. Bado sijamfahamu."

"Na sasa iko wapi?"

"Nimeituma kwenye grupu la wazazi, waone maendeleo."

Dereva alisimamisha gari. "Mzee Sospeter, umefika."

Hakuna aliyeshuka.