Nday Kazadi na Orodha ya Pa Kula Mjini Cork

Kaka yetu, Nday Kazadi, alizaliwa Likasi, Katanga, tarehe 14 Machi 1938. Alisoma kwa mapadre, wakamfukuza wiki nzima kwa kuonja mchuzi wao na kuwaambia haukuwa na chumvi.

Mwaka 1967 alifunga ndoa na Lucienne, Lubumbashi. Mungu aliwapa binti mmoja, Chloé. Walifika Brussels mwaka 1971, wakakaa Berchem-Sainte-Agathe. Kwa miaka ishirini na miwili alikuwa mpishi wa hoteli karibu na kituo cha treni cha Gare du Midi. Mchana alilisha wageni, jioni alikula bukari, ugali wa mke wake. Mkahawani hakuketi kamwe, maana kwetu mume akila nje, mkewe ndiye anayesemwa.

Mei 1996 alimtembelea Chloé, mwanafunzi huko Cork, mji mdogo wa Ireland unaopenda kula. Aliniandikia mimi, dada yake Rolande. Ukurasa wa kwanza ulikuwa orodha ya pa kula: supu ya samaki kando ya mto, kondoo kwa viazi ghorofani juu ya soko, duka la mikate lenye viti vinne tu. Sikugeuza karatasi. Niliipeleka saluni, Matonge, mtaa wa Waafrika wa Brussels, nikaisoma kwa sauti, nikawaambia wanawake:

"Munaona? Kaka anakula inje kila siku. Bibi yake hamupikie!"

Neno hilo lilifika Lubumbashi kabla yeye hajarudi Brussels.

Mwaka jana alianza kukonda. Daktari alisema ni saratani ya tumbo. Ukoo ulisema ni njaa ya nyumbani. Lucienne alimlisha uji kwa kijiko hadi Jumatatu, 9 Februari 1998, kaka alipofariki. Matangani shangazi zetu walimkalisha Lucienne chini wakamhoji.

"Rolande, weye unajua nyumba yangu," aliniambia. "Alikosa nini?"

Nilienda jikoni kuosha vikombe, na ninaona haya.

Juzi, nikitafuta tarehe za wasifu huu, niligeuza ile barua. Kaka aliandika: "Bon, Rolande, ile mafasi yote ya kula najaribu kwa ajili ya Lucienne. Hata siku moja muntu hajamuletea sahani, yeye amekaa tu mezani. Nikipata pension, nitamupeleka kule. Usimuambie."

Ameacha mjane wake Lucienne, aliyempikia miaka thelathini; binti yake Chloé; na mimi, niliyesema uongo. Mwenye neno na Lucienne aje kwangu. Mungu ampumzishe kaka yetu, na sisi tumwache mke wake apumzike.