Mtungi Chini ya Kitanda

Treni ilipoiacha Tabora, mama mwenye baibui niliyeketi kando yake alimwuliza kijana aliyeketi mbele yetu anashukia wapi.

"Usoke. Naenda kumwona mama, aliungua mikono kwa gesi," alijibu Zablon, kisha akakumbuka shikamoo.

"Marahaba. Pole, mwanangu. Ilikuwaje?"

"Nilimnunulia mtungi apumzike na moshi. Jiko lake liko nje, halina mlango, akaogopa wezi. Akimaliza kupika anaulaza chini ya kitanda, kaufunika kanga. Siku moja akasikia harufu, akadhani panya amefia humo. Akawasha kibatari amtafute."

Mama wa baibui alifumba macho kidogo. Nilidhani atanyamaza, lakini alikuwa ameniambia ana duka, na wenye maduka hawanyamazi. "Mtungi unasimamishwa, baba, penye hewa. Haulali chumbani na mtu. Ukisikia harufu, unafungua madirisha, huwashi kitu. Huyo aliyekuuzia hana utu. Alishindwa nini kukwambia?"

"Aliniambia yote. Mama nilimwambia kwa simu autunze tu."

"Basi aliutunza."

"Aliutunza."

Mimi ningejitetea, walau kidogo. Zablon alitazama mashamba ya tumbaku dirishani.

"Naye mama yako anakulaumu?"

"Afadhali angenilaumu. Kila nikipiga simu ananiomba radhi, ati ameniharibia mtungi wangu."

Treni ikapunguza mwendo. Zablon akasimama, akavuta mzigo wake kutoka chini ya kiti: jiko la mkaa, jipya. Mama wa baibui alilitazama hadi treni iliposimama Usoke, kisha akamsaidia kulibeba hadi mlangoni.