Kengele Iliyoita Ghorofa Nzima

Benchi la mbele ya ghorofa yao mjini Smederevo halina mgongo, kwa hiyo wanaolikalia huegemea ukuta, na ukutani, juu kidogo ya vichwa vyao, ndiko ziliko kengele za nyumba zote. Kila asubuhi shangazi Ruža wa chini hupitisha dirishani kibirika chake cha shaba, kahawa ikamiminwa, na kesi za dunia nzima zikaanza kusikilizwa. Jumamosi ile kesi iliyosikilizwa ilikuwa ya Isidora, binti wa jengo hilohilo. Tangu masika alikuwa akijifunza kuandika hadithi za kutisha kwenye warsha ya mtandaoni, mwalimu na wenzake kila mmoja ndani ya kijidirisha chake. Jana yake walikuwa wameichambua hadithi yake: mtu anarudi nyumbani usiku wa theluji bila ufunguo, anabonyeza kengele zote za jengo, hakuna anayefungua, asubuhi anakutwa mlangoni ameganda, na tangu hapo, kila theluji ya kwanza ikianguka, kengele huita. Mwalimu akasema mzimu unaaminika. Wasioaminika ni majirani. Jengo zima lisikie, asitoke hata mmoja? Awarekebishe kabla ya mchana, la sivyo hadithi haiingii kwenye kitabu cha warsha.

Isidora alikuwa amebadilisha jina na mji tu. Mtu yule alikuwa baba yake. Isidora na mama yake walikuwa wameenda kijijini usiku ule. Benchi zima linalijua hilo, na halijawahi kulitamka.

Akawasomea wa benchini hadithi yote mpaka mwisho.

— Warsha yetu ina sheria, akasema. Mwandishi akijadiliwa, anafunga mdomo. Haya, semeni.

Wa kwanza alikuwa Brka, mstaafu wa kiwanda cha chuma, ambaye masharubu yake yalimpa jina hilo la utani, likameza lile la ubatizo.

— Umeandika vizuri, mwanangu. Ila mwalimu wako naye ana hoja. Weka umeme umekatika. Kengele hazikulia. Kwisha habari.

— Umeme umekatika, huo mzimu baadaye unabonyeza nini? akadakia Advokat. Huyu waliyembandika jina la Wakili, sheria alijifunzia kwenye kesi yake mwenyewe ya talaka, akashindwa.

— Betri.

— Betri! Na wewe eti ulikuwa fundi! Binti, sikiliza. Jengo limejengwa juu ya makaburi ya Waturuki. Wafu wa chini wanachezea kengele kila leo, watu wameshachoka. Ikilia, wanasema, aa, ni walewale. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe.

— Jembe la nini, na mtu anaganda?

— Methali haivunjwivunjwi, jirani.

Watu wameshachoka. Isidora aliikamata simu kwa mikono miwili. Ni kweli baba yake alikuwa na mazoea ya kubonyeza kengele akiwa amelewa. Sogea hatua moja tu kuelekea ukweli, mzee, alimwomba Advokat moyoni, moja tu. Chuoni, kwenye midahalo, neno kama lile lingemtosha kumbana mtu mpaka ajute. Hapa sheria ilimfunga, na aliileta mwenyewe.

— Mimi naona hivi, akasema shangazi Ruža kutoka dirishani. Wote humo ndani wameshakufa. Jengo zima. Mzima ni yeye peke yake huko nje, na wafu hawafungui mlango.

— Ruža, kwa jina la Mungu! akamaka Brka. Asubuhi yote hii!

Ruža akafanya ishara ya msalaba, lakini maneno hakuyarudisha.

— Basi theluji, akasema Advokat, safari hii haraka haraka. Theluji inameza sauti, hilo limefanyiwa utafiti. Mlio unaganda ndani ya waya, unalala humo mwaka mzima, ndio huo wanaousikia baadaye. Hakuna mzimu, hakuna kosa la mtu. Palipo na wazee haliharibiki neno.

Je, walikuwa wanarekebisha hadithi au walikuwa wanajirekebisha wao? Isidora alitazama saa ya simu. Akaanza kuandika humo sentensi, Brka akichungulia: usiku ule umeme ulikuwa umekatika.

Mpangaji mpya wa ghorofa ya tatu alikuwa amesimama mlangoni muda wote huo, gunia la pilipili nyekundu za kuchoma begani, akisikiliza.

— Samahanini, majirani. Kwenye hadithi, wote wanaisikia kengele, siyo?

— Wote, akasema Advokat. Ndiyo hadithi yenyewe.

— Sasa kila mmoja alikuwa anamngoja nani afungue?

Advokat akainamia kikombe chake. Ruža alivuta kichwa ndani, lakini dirisha hakulifunga. Mgeni akaona labda amekosea adabu.

— Nimeuliza tu, akasema, akapandisha gunia lake ngazini.

Kahawa ikapoa vikombeni. Brka alikuwa akizitazama kengele kama mtu anayesoma majina ya makaburini.

— Hiyo sentensi ya umeme ifute, akasema.

— Kwa nini?

— Mwambie mwalimu wako majirani asiwaguse. Wanaaminika.

— Nikiulizwa kasema nani?

Mzee aliyapangusa masharubu, ingawa hayakuwa na kitu.

— Sema Milovan, akasema, akilitaja jina lake la ubatizo. Ghorofa ya pili, mlango wa kulia.