Mwinyihaji Nyawa wa Kibanda cha Mtsangani

Mzee Mwinyihaji Nyawa anastaafu tarehe 30 Novemba 1963, baada ya kuitumikia Idara ya Mifugo kwa miaka thelathini na moja. Atarudisha kofia ya serikali, atabaki na mwamvuli wake, na mimi niliyepewa kazi ya kumwandikia maneno haya nimeonywa na yeye mwenyewe nisitie chumvi. Nimemjibu inshallah.

Alizaliwa Mtongwe, kwa wakulima wa minazi na mihogo, akaingia kazini mwaka 1932 akiwa mshika kamba. Kazi yake ilikuwa kumwangusha ng'ombe na kumkalia mpaka mchanjaji amalize. Miaka ilivyokwenda alipanda akawa mchanjaji mwenyewe, kisha msimamizi wa njia ya ng'ombe itokayo Kinango hadi feri ya Likoni. Serikali ikampa baiskeli. Kwa matope ya njia ile, Mzee Mwinyihaji aliibeba baiskeli zaidi ya baiskeli ilivyombeba yeye.

Wakubwa wengi wamepita katika ofisi yetu ya Changamwe, na kila mmoja alichukua muda kuijua inshallah ya Mzee Mwinyihaji. Akiisema upesi, ameafiki. Akiisema polepole huku anafungua mwamvuli, amri hiyo imekwisha kufa na kilichobaki ni kuizika. Hakuwahi kubishana na mkubwa hata siku moja. Alikwenda zake akafanya aliloliona sawa, akarudi na heshima zake zote, akaamkia watu na kuomba chai.

Lakini ukitaka kumjua mtu huyu, sharti ukijue kibanda cha Mtsangani. Wengi wetu hawajafika huko wala siwalaumu. Mimi nilifika mara moja nikarudi na homa. Ni porini, mwendo wa nusu siku kutoka Likoni, mahali ambapo wachungaji wa Kiduruma hulaza ng'ombe kabla ya kuingia mjini. Zamani, katika miaka ya sotoka, maradhi yaliyofagia mazizi ya watu, mchungaji mmoja aitwaye Mwarandu alimpoteza nduguye hapo hapo, amelowa mvua, anatetemeka, na hakuna nyumba karibu ya kumwingiza. Mwarandu na wenzake wakakata miti, wakajenga kibanda, wakakiezeka nyasi. Desturi yake ikawa moja tu: anayelala humo huacha kuni kavu kwa ajili ya anayekuja nyuma, awe anamjua au hamjui.

Mvua kubwa za mwisho wa mwaka 1961 zilikilaza chini. Jirani yake ni shamba la katani, na mwenye shamba alikuwa akiitamani ardhi ile siku nyingi. Mkubwa wa wilaya wa wakati huo akasema kwamba njia isiyolala watu si njia tena. Masika ikipita bila wachungaji kuonekana Mtsangani, ataifunga, na shamba litie uzio wake. Kwa watu wa kina Mwarandu hilo lilikuwa kama kufungiwa mlango wa riziki. Wangelazimika kuzunguka kwa barabara ya magari, bila maji wala malisho, ng'ombe wafike feri wamebaki mbavu. Mzee Mwinyihaji akaamriwa akakusanye zana za serikali zilizobaki kule, arudi ofisini kwa kazi nyingine.

Alisema inshallah. Polepole. Nilikuwepo, na mwamvuli niliuona ukifunguka.

Kazi ya kukijenga kibanda upya ilianza, na Ramadhani ikawakuta yeye na wenzake katikati yake. Walikanda udongo na saumu zao, juani, na mtu wa kuwaambia wapumzike hakuwepo, kwa sababu mwenye kusema hivyo angekuwa Mzee Mwinyihaji na yeye ndiye aliyekuwa ndani ya udongo mpaka magotini. Mwarandu, ambaye ni mzee kuliko yeye na hafungi, alikata nguzo na fito, akakataa kunywa maji mbele ya wenzake. Mke wa Mzee Mwinyihaji, Bi Mwanarehema, aliwakusanya wanawake wa Mtongwe wakashona makuti, wakayachukua kichwani hadi porini. Alipoulizwa na jirani kama mumewe amepoteza akili, alijibu kwamba akili anayo, ila ameikopesha kwa Waduruma.

Mabati machache aliyoyapata kwa kuomba huku na huku yaliibwa kabla hayajapanda juu. Hilo lilimuuma. Ndiyo maana ukuta ulipokauka na makuti yakakaa, alikwenda kwa fundi seremala akatengenezesha mlango wa mbao nzito, akautia kufuli. Ndani aliweka debe la maji, sufuria na jembe. Ufunguo akauficha chini ya jiwe kando ya kizingiti, akawaonyesha wachungaji jiwe lenyewe, mmoja mmoja, ili asiwepo wa kusema hakuambiwa. Akarudi Changamwe anatembea kama bwana harusi. Kibanda kilikuwa kizuri kuliko nyumba za wengi wetu, na tulimwambia hivyo.

Masika ikaingia. Mzee Mwinyihaji akaenda kutazama, akakuta mafiga hayana hata chembe ya jivu. Jiwe halijaguswa. Nje, pande zote, samadi mbichi na alama za kwato za ng'ombe. Wachungaji walikuwa wanapita, wanalala hapo, lakini wanalala mvuani. Na chini ya kichaka, hatua chache kutoka ukuta alioukandika kwa mikono yake, alimkuta Mwarandu amejifunika ngozi, anakohoa kifua kizima.

Anatuambia kwamba kwanza alishikwa na hasira. Mkubwa angefika mvua zikikatika, angekuta kibanda kipya kisicho na mtu, na njia ingefungwa kwa ushahidi alioujenga yeye mwenyewe. Akamkalisha Mwarandu, akamuuliza: "Kaka, ufunguo si nilikuonyesha?"

"Ulinionyesha," Mwarandu akasema. "Lakini nyumba yenye kufuli ina mwenyewe, na mwenyewe huombwa. Hapa nimwombe nani, Mwinyihaji? Nilipigie hodi jiwe?"

Mzee Mwinyihaji akautazama mlango wake. Amekulia katika nyumba ambayo mgeni hapiti kizingiti bila kubisha hodi na kukaribishwa, na hakuhitaji kufafanuliwa zaidi. Mlango aliouweka kwa nia njema ulikuwa umewageuza waliokijenga kibanda kuwa wageni, tena wageni wasio na wa kuwakaribisha. Aliniambia siku moja, tukiwa kivukoni, kwamba hajapata kuona haya kama siku ile, na kwamba alishukuru mvua ilikuwa inanyesha usoni.

Hakuondoa kufuli tu. Aling'oa mlango na miimo yake, akazipasua zile mbao nzito, akagongea hori la kunyweshea ndama. Akamwingiza Mwarandu ndani, akawasha moto kwa kuni alizozitafuta mwenyewe, na alipoondoka akaacha nyingine kavu pembeni. Sufuria iliibwa baadaye, ni kweli. Debe pia. Jembe halijaguswa mpaka leo, jambo linaloonyesha kwamba wezi wa kule wanapenda kula kuliko kulima.

Mvua zilipokatika mkubwa akaja na viatu vyake virefu, na mwenye shamba nyuma yake. Walipoinama kuingia, ilibidi waruke miguu ya watu waliolala. Moto ulikuwa unawaka, ng'ombe wamejaa uwanjani, na Mwarandu, kifua kimetulia, akawakaribisha chai. Njia haikufungwa. Uzio ukaishia ulipokuwa, na tangu siku hiyo haujasogea.

Mwaka huu barazani hakuna swali jingine ila hiki ni cha nani na kile ni cha nani. Kila mtu anahesabu majengo na kudai funguo, na bendera mpya inasubiri kupanda. Kwa hiyo wiki iliyopita, Mzee Mwinyihaji alipokuja kukabidhi vitu vya serikali, mkubwa wetu mpya, kijana mwema anayetaka kila kitu kiwe na jina la mtu, alimuuliza kibanda cha Mtsangani kikabidhiwe nani.

"Mkabidhini yeyote atakayekuchwewa njiani," Mzee akasema.

Mkubwa wetu alimtazama, akaona hana mzaha, akasema inshallah. Aliisema upesi.

Bi Mwanarehema, tunakushukuru kwa makuti, na kwa kutuazima mume miaka yote hii. Tunakurudishia akiwa amechakaa kidogo lakini anafanya kazi. Nawe Mzee wetu, umetufunza ukaidi wenye adabu, na sisi tuliokuzoea tunasikitika, tena sana, wala sioni haya kuyaandika. Mola akupe afya na uzee wa raha. Na Mwarandu ametutuma tukuambie kwamba wiki ijayo anashusha ng'ombe Likoni, na kwamba safari hii yeye ndiye atakayekuja kubisha hodi kwako.

Faraj Yeslam, karani, kwa niaba ya wafanyakazi wote